Namna ya kuisoma karatasi ya protini za damu ukiwa na mgonjwa wa mayeloma

Assalaam alaykum. Hii naiandika kwa mtu ambae leo karudi na bahasha ya maabara, ndani mna karatasi tatu nne zimejaa herufi na namba, na nyumba nzima wanamtizama yeye kwa sababu eti ndo msomi. Mimi n'likuwa huyo mtu. Ami yangu wa Wete, mkulima wa karafuu, aligunduliwa mayeloma, hii kansa ya uboho, baada ya mgongo kumuuma miezi na miezi sie tukidhani ni magunia tu anayobeba, na tangu siku hiyo karatasi zake zote zinakuja kwangu Unguja, maana mie nina duka na hesabu za daftari ndo kazi yangu ya kila siku. Sijasomea udaktari. Ila mwaka wa tatu huu nakaa na hizi karatasi na kila daktari na mtu wa maabara niliekutana nae nimemuuliza mpaka akachoka. Dawa na maamuzi ni ya daktari wako, hapa nakuonesha kusoma tu, usije ukaingia chumbani kwake ukakaa umeduwaa.

Kabla ya yote shika hili: kila mgonjwa wa mayeloma ana namba yake moja, pengine mbili, ambazo ndo nyayo za ugonjwa wake. Kwa ami yangu ni M-protini, kwa mwengine ni kapa, kwa mwengine ni lamda, kwa mwengine iko kwenye mkojo (majina haya nitakueleza moja moja huko mbele). Kazi yako ni kuijua ipi ya mgonjwa wako, halafu uifuate hiyo hiyo kila mwezi. Zile namba thelathini nyengine zinasaidia lakini hazifai kukunyima usingizi kila moja peke yake.

Kwanza ujue hiyo protini imetoka wapi

Ndani ya mifupa mna uboho, ndo kunakotengenezwa damu. Humo mna seli zinaitwa seli za plazma, kazi yao kutengeneza kinga ambayo kwa jina la maabara ni imunoglobulini: IgG, IgA, IgM, na mbili nyengine chache, IgD na IgE. Mtu mzima wa afya ana maelfu ya aina za hizi kinga, hii ya surua, hii ya mafua ya mwaka juzi, zimechanganyika. Fikiria soko la Darajani, huyu anauza samaki, yule mbatata, yule viungo. Sasa kwenye mayeloma seli moja ya plazma imeharibika ikazaa na kuzaa, na watoto wake wote wanatengeneza kitu kimoja kile kile. Yaani umeamka asubuhi unakwenda sokoni unakuta meza zote zinauza muhogo, muhogo mtupu. Soko limejaa kweli, lakini jioni huna cha kupika. Ndo maana mgonjwa anaambiwa protini iko juu sana na papo hapo anashikwa na vichomi kila mara, kwa sababu hiyo protini iliyojaa haimkingi na kitu, na seli zile zenye kazi zimesukumwa pembeni.

Huo muhogo ndo M-protini. Wengine huandika paraprotini, wengine wanaandika M peke yake, ni kitu kimoja.

Pili, panga karatasi na utizame vipimio

Hapa ndo pametuumbua sisi, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Karatasi ya kwanza ya ami ilisema M-protini 42. Akaanza dawa. Baada ya miezi miwili akapimwa tena, mara hii maabara nyengine kwa sababu ile ya mwanzo mashine ilikuwa haifanyi kazi, majibu yakaja 3.8. Nikapiga simu Wete pale pale, jamani kutoka 42 mpaka 3.8! Shangazi akapika pilau, majirani wakaitwa, ikasomwa dua. Wiki ya pili yake daktari anaitizama karatasi ananiuliza, wewe umesoma hapa pembeni ya namba? Pembeni pameandikwa g/dL. Ile ya mwanzo ilikuwa g/L. Gramu kwa desilita na gramu kwa lita, na lita moja ina desilita kumi, kwa hivyo 3.8 ya huku ni 38 ya kule. Imeshuka kutoka 42 mpaka 38, basi. Pilau lilikuwa tamu lakini kosa lilikuwa langu mimi mwenye duka, ninaejua tofauti ya ratili na kilo tangu mdogo.

Kwa hivyo chukua daftari, la skuli lenye mistari linatosha, na kila karatasi ikija andika tarehe ya KUTOLEWA damu, si tarehe ya ripoti kuchapishwa, maana zaweza kupishana wiki mbili, halafu jina la maabara, halafu namba pamoja na kipimio chake. Ukikuta g/dL zidisha kwa kumi, andika zote kwa g/L. Chagua kimoja ukae nacho mpaka mwisho. Na kama uwezo upo, mgonjwa apimwe maabara ile ile kila mara, hata kama ina maana ya kupanda boti, kwa sababu mashine mbili zinaweza kukupa majibu mawili ya damu moja na wewe ukaanza kulia au kuchinja bure.

Tatu, TP na ALB, kisha toa

Karatasi rahisi kabisa, inayopatikana karibu kila spitali, ina TP ambayo ni jumla ya protini zote za damu, na ALB ambayo ni albumini. Jumla kwa mtu mzima huwa baina ya 60 na 80 g/L, albumini baina ya 35 na 50, ijapokuwa kila maabara huandika mipaka yake pembeni na hiyo yao ndo ya kufuata. Toa albumini kwenye jumla, kinachobaki ni globulini, na humo ndimo M-protini imejificha.

Ya ami siku ya kwanza ilikuwa hivi: TP 98, ALB 32. Toa, unapata 66. Globulini kawaida haivuki 35 hivi. Hiyo hesabu ya kutoa ya darasa la pili ingefanywa mapema pengine tusingekaa miezi yote ile tunamsugua mgongo kwa mafuta ya karafuu.

Sasa sikiliza, globulini kuwa juu SI kansa. Huku kwetu hasa. Mtu mwenye kifua kikuu, mwenye virusi vya ukimwi, mwenye ini bovu, mwenye kichocho cha muda mrefu, hawa wote globulini zao zaweza kupanda kwa sababu mwili unapigana, kila mwenye meza sokoni kaongeza bidhaa yake. Na kinyume chake, TP ya kawaida haimsafishi mtu, kwa sababu kuna mayeloma ambayo hutoa vipande vidogo tu vinavyopita kwenye mkojo, jumla haipandi hata kidogo. Basi hii hatua inakupa shaka, haikupi hukumu. Hata mtu akiwa hajanywa maji ya kutosha damu inakuwa nzito na hizi namba zinapanda kidogo, usisahau.

Nne, ile grafu yenye mnara

Hichi kipimo ni elektroforesisi, kwenye karatasi mara nyingi SPEP. Wanaweka damu, si damu yote bali ule ute wa njano unaobaki ikishaganda, wanaipitishia umeme, protini zinakimbia kila moja kwa mwendo wake halafu wanachora. Utaona mstari unapanda na kushuka: mwanzo kilele kirefu kimoja, hicho albumini, usikiogope, ni cha kawaida kwa kila mtu. (Mimi usiku wa kwanza nilikizungushia kalamu nyekundu nikadhani ndo kansa yenyewe.) Halafu vinafuata vidogo vidogo, alfa 1, alfa 2, beta, na mwisho kabisa gama.

Kodoa macho pale gama. Mtu mwenye afya ana kilima cha kulala, kipana, kimejaa taratibu. Mwenye maambukizi kilima kinakuwa kikubwa lakini bado kipana, kama fungu la mchanga lililomwagwa na gari. Mwenye mayeloma anakuwa na mnara: mwembamba, mrefu, umesimama wima kama wa msikiti juu ya mapaa ya mabati, na pembeni yake pametambarare kwa sababu zile kinga nyengine zimekwisha. Ukiliona hilo umbo mara moja huwezi kulisahau tena.

Ikiwa mnara uko kwenye beta na si gama usiseme wamekosea, IgA ina tabia hiyo, inajificha kwenye vilima vya jirani. Kwa mgonjwa wa IgA mara nyingi daktari hutaka pia jumla ya IgA yenyewe kwa sababu mnara uliochanganyika na vyengine ni mgumu kuupima.

Chini ya grafu pana jadweli yenye asilimia na pengine gramu. Kama wamekupa asilimia tupu, chukua kalkuleta: asilimia ya mnara mara TP. Ya ami mnara ulikuwa asilimia 43, TP 98, inakuja 42 na nukta. Ndo hiyo 42 yetu.

Na kitu kidogo lakini kinaudhi: damu ikitiwa kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia isigande, inabaki na fibrinojeni, na fibrinojeni nayo inachora kijimnara chake cha uongo. Ikitokea namba ndogo ya ghafla isiyoeleweka, muulize mtu wa maabara kwa adabu chupa ilikuwa ipi.

Tano, jina lake

Imunofiksesheni, IFE kwenye karatasi. Hii haisemi kiasi, inasema jina: IgG kapa, IgA lamda, na kadhalika. Karibu nusu ya wagonjwa ni IgG, kama mmoja katika watano ni IgA, na kama mmoja katika sita hivi hana hiyo sehemu nzito kabisa, ana mnyororo mwepesi mtupu, kapa au lamda (hii minyororo naieleza kwenye sita). Andika hilo jina kwenye jalada la daftari kwa wino mkubwa. Sie letu ni IgG kapa.

Baadae sana, dawa zikifanya kazi, unaweza kuona SPEP imeandika haionekani na IFE imeandika bado ipo. Hawajagombana. IFE ina macho makali zaidi, inaona kidogo ambacho grafu haiwezi kukipima. Na kama mgonjwa wako anatumia daratumumab, kwa mfano waliotibiwa India, hiyo dawa yenyewe ni IgG kapa, inaweza kuchora kimstari chake kwenye IFE, basi hakikisha maabara inajua anatumia nini.

Kwenye karatasi hiyo hiyo au ya pembeni utakuta jumla za IgG, IgA na IgM. Ya ami IgG ilikuwa juu mno, IgA na IgM ziko chini kabisa. Ndo lile soko la muhogo. Maana yake kwa nyumba ni moja: homa ikipanda hakuna cha kusubiri asubuhi wala kumpa panadoli akalala, ni spitali saa hiyo hiyo.

Sita, kapa na lamda

Hapa watu wengi wanapotea, na ni mahala pazuri pa kupajua kwa sababu ni kipimo kinachokwenda mbio kuliko vyote.

Kila kinga moja imeungwa kwa minyororo mizito na minyororo myepesi. Myepesi iko aina mbili tu, kapa na lamda. Katika kutengeneza, seli hubakisha minyororo myepesi kidogo, inazagaa peke yake kwenye damu, hiyo ndo inayopimwa na kipimo cha FLC. Mipaka inayotumika sana ni kapa 3.3 mpaka 19.4 mg/L, lamda 5.7 mpaka 26.3 mg/L, na uwiano, yaani kapa gawanya kwa lamda, 0.26 mpaka 1.65. Tizama kipimio tena: hapa ni MILIGRAMU, usije ukailinganisha na gramu za M-protini.

Tulikutana na mama mmoja kwenye boti ya Dar, amekaa na bahasha kama yangu, mumewe mgonjwa. Tukazungumza, akanionesha karatasi anafurahi, uwiano 0.02, yeye kaambiwa na mtu kuwa uwiano mkubwa ndo mbaya kwa hivyo huu mdogo ni mzuri. Nikatizama: kapa 12.8, lamda 640. Mumewe ni mgonjwa wa lamda! Kwa mgonjwa wa lamda uwiano unakwenda CHINI kadiri ugonjwa unavyokuwa mkubwa, kwa sababu lamda ndo iko chini ya mstari kwenye kugawanya. Kwa mgonjwa wa kapa ndo unapanda juu. Nilijikaza, sikumwambia mie pale kwenye boti na mawimbi yale, nikamwambia tu muulize daktari hii lamda 640 inasema nini, usitoke mpaka akueleze. Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa.

Kwa hivyo mie uwiano siutegemei sana, natoa: ule mnyororo mgonjwa toa ule mzima. Kwa mumewe yule ni 640 toa 12.8, inabaki 627.2. Hiyo ndo ya kuifuata, ikishuka tunashukuru, ikipanda tunauliza. Madaktari wanaihesabu kuwa inafaa kufuatiliwa ikiwa ule mnyororo mgonjwa umefika 100 mg/L na uwiano hauko sawa. Ukiwa chini ya hapo, kupanda kutoka 22 mpaka 31 kunaweza kuwa ni mafua tu.

Figo nayo inaingia hapa. Minyororo myepesi inatolewa na figo, figo ikichoka zote mbili zinapanda pamoja, kapa na lamda, na uwiano unavutwa juu kidogo. Kwa mtu mwenye figo mbovu uwiano mpaka 3.1 waweza kuwa si ugonjwa. Zikipanda zote mbili, uliza figo kwanza. Na mashine za FLC za kampuni tofauti hazisemi lugha moja hata kidogo, hichi kipimo kuliko vyote usikihamishe maabara.

Saba, mkojo wa saa 24

Kile kijiti cha kuchovya kwenye kikopo hakitoshi. Kinakamata albumini zaidi, hii minyororo myepesi kinaipita bila ya kuiona. Protini hii ya mkojo inaitwa Bence Jones, jina la daktari wa Uingereza aliyeieleza miaka ya 1840, na mpaka leo tunahangaika nayo na madumu. Na kwa watu wa kwetu, kijiti kikionesha protini au damu inaweza kuwa kichocho, hasa vijana waliokulia karibu na mabwawa na mito ya Pemba, kwa hivyo pande zote mbili hakikupi jibu la kuaminika.

Kukusanya ni hivi. Asubuhi ya siku ya kwanza mgonjwa anakojoa chooni, hiyo inamwagwa, na wewe unaandika saa, tuseme 12 asubuhi. Kuanzia hapo kila tone linaingia kwenye dumu walilokupa maabara, mchana, usiku, mpaka kesho saa 12 asubuhi ile ile, na hiyo ya kesho ya asubuhi INAINGIA ndani. Dumu likae friji au kwenye boksi la barafu. Ukipeleka kidogo tu kwenye kikopo basi upime jumla ya lita kwanza uandike, bila ya jumla maabara haiwezi kupiga hesabu.

Ami mara ya kwanza alikusanya vizuri mchana kutwa na usiku kucha, shangazi anamkumbusha. Alfajiri kaamka, kaenda msikitini, kabla ya kutia udhu kaingia choo cha msikiti kwa mazoea ya miaka 60. Karudi nyumbani ndo anakumbuka, kasimama mlangoni kashika kofia mkononi hana la kusema. Tukaanza upya. Mara ya pili tulilitundika dumu kwenye kitasa cha mlango wa mbele, hawezi kutoka bila ya kuligonga.

Nane, namba nne za pembeni

Hizi nazipita haraka. Hemoglobini, yaani wingi wa damu, ikishuka chini ya 10 g/dL (ndo 100 g/L) ni dalili kuwa uboho umebanwa. Kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, ikivuka 177 kwa kipimio cha mikromoli figo ziko hatarini. Mifupa, hiyo ni kwa picha si kwa damu. Na kalisi, yaani kalsiamu, mpaka wake ni 2.75 mmol/L lakini ina mtego: sehemu ya kalisi inabebwa na albumini, kwa hivyo albumini ikiwa chini kalisi inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Hesabu yake, 40 toa albumini, zidisha kwa 0.02, jumlisha kwenye kalisi. Ya ami ilikuwa 2.60, inaonekana salama. 40 toa 32 ni 8, mara 0.02 ni 0.16, jumla 2.76. Imevuka. Alikuwa na kiu isiyokwisha na anasahau majina ya wajukuu, sie tukasema uzee.

Kuna na beta-2 mikroglobulini, protini nyengine ndogo ya damu, ambayo pamoja na albumini hutumika kupanga hatua ya ugonjwa mwanzoni: chini ya 3.5 mg/L na albumini 35 au zaidi ni hatua ya 1, kuanzia 5.5 ni hatua ya 3, waliobaki wote ni ya 2. Hii nayo inapandishwa na figo.

Tisa, sasa fuata mwendo

Fungua ukurasa mpya, chora mistari, weka namba yako ile moja kwa tarehe. Ya ami: 42, 38, 24, 11, 4. Unaona inavyosoma vizuri ikikaa pamoja? Kila moja ukiisoma peke yake siku yake ilikuwa kilio, hiyo 38 hasa.

Kushuka nusu au zaidi, kwa M-protini ya damu, ndo madaktari wanasema mwili umeitikia. Kushuka asilimia 90 ni kuitikia vizuri sana: 42 toa 4 ni 38, gawa kwa 42, inakuja asilimia 90 na kidogo, na mkojo pia uwe umesafika. Kutoweka kabisa ni mpaka IFE ya damu na ya mkojo zote ziseme haipo na uboho uchunguliwe pia.

Usitegemee ishuke kwa wiki. IgG inakaa kwenye damu, nusu yake inachukua kama wiki tatu kuondoka, hata kama kiwanda kimefungwa leo mali ya ghalani bado ipo. Minyororo myepesi inaondoka kwa saa tu. Ndo maana FLC inaweza kukupa habari njema mwezi mzima kabla ya mnara kuonesha kitu.

Na kupanda? Mwaka jana ya ami ilitoka 4 ikaja 6. Nikapiga hesabu, imepanda asilimia 50! Sikulala. Kumbe kipimo cha kusema ugonjwa umerudi kwa namba ya damu ni kupanda asilimia 25 kutoka ile namba ya CHINI kabisa aliyowahi kufika, NA iwe imepanda kwa 5 g/L au zaidi, na irudiwe kupimwa ithibitike. Ya ami imepanda 2 tu. Ikarudiwa, ikaja 4.5. Namba ndogo zinatetemeka zenyewe, ukizipiga asilimia zinakutisha bure. Ila kama mifupa imeanza kuuma upya au kalisi imepanda, hapo namba haisubiriwi, mwende.

Kumi, kabla ya kwenda kwa daktari

Andika maswali matatu, si kumi, maana foleni ya nyuma yako ni ndefu. Yangu huwa: namba yetu ya kufuata bado ni ile ile? Ile ya chini kabisa tunahesabu ipi? Figo ziko vipi? Mwambie dawa zote anazokunywa, na hasa zile za maumivu za dukani, diklofenaki na ibuprofeni, maana ami alizila kama karanga kabla hatujajua na kwa mgonjwa wa mayeloma zinaziumiza figo ambazo tayari zina kazi ya kuchuja minyororo yote ile. Maji anywe mengi kama daktari hajamkataza. Kuhusu Ramadhani muulizeni daktari mwezi wa Shaaban, msingoje mpaka mwezi uandame. Ami alikataa kata kata kula mchana mpaka sheikh wake mwenyewe akaja nyumbani kumkumbusha ruhusa ya mgonjwa, na hata hivyo anakula chumbani kajifungia mlango.

Na majibu yakitoka, mwambie mgonjwa namba yake. Sie tulianza kwa kumficha, tukanong'ona jikoni, akawa anasoma nyuso zetu na anasoma vibaya kuliko karatasi. Siku hizi anapiga simu mwenyewe kutoka shamba, nasikia nyuma watu wanachambua karafuu, hasalimii hata, anasema "Enhe, ngapi?" Namwambia nne nukta mbili ami. "Na ile ya nyuma?" Nne nukta tano. Ananyamaza kidogo anahesabu, kisha anasema haya, nna majamvi nje na wingu hilo, na anakata.